Tafiti za Maoni za Majimbo na Utabiri wa Urais wa Marekani

Wananchi wa Marekani humchagua Rais kila baada ya miaka minne, siku ya Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya mwezi Novemba. Kwa miezi mingi kabla ya siku hiyo, vyombo vya habari duniani, vikiwemo vya Afrika Mashariki, hutangaza takwimu za tafiti za maoni ya wapiga kura. Leo husikika kwamba mgombea fulani anaongoza kwa pointi 2. Kesho husikika kwamba ana uwezekano wa asilimia 70 wa kushinda. Takwimu hizo mbili hutangazwa kwa sauti moja, lakini si za aina moja. Ya kwanza inaeleza walichosema watu waliohojiwa. Ya pili ni hesabu iliyojengwa juu ya mamia ya mahojiano ya namna hiyo, mengi yakiwa yamefanyika jimbo kwa jimbo.

Matokeo ya uchaguzi huo hugusa pia wakazi wa ukanda huu. Mpango wa PEPFAR wa kukabiliana na UKIMWI ulianzishwa mwaka 2003 na Rais George W. Bush, na sheria ya AGOA ya mwaka 2000, iliyofungua soko la Marekani kwa bidhaa za Afrika bila ushuru, ilitiwa saini na Rais Bill Clinton. Anayeingia Ikulu ya Marekani anaweza kuendeleza mipango kama hiyo, kuibadilisha au kuiacha ife. Ndiyo maana utabiri wa nani ataingia hufuatiliwa kwa makini mbali sana na Washington, na ndiyo maana inafaa kufahamika unatengenezwaje na unakosea wapi.

Uchaguzi mmoja, mashindano 51

Katiba ya Marekani haimpi urais mgombea aliyepata kura nyingi zaidi nchini kote. Wapiga kura wa kila jimbo huchagua wajumbe wa uchaguzi, na wajumbe hao ndio wanaompigia Rais kura mwezi Desemba. Idadi ya wajumbe wa jimbo ni sawa na idadi ya wabunge wake katika Baraza la Wawakilishi ikijumlishwa na maseneta wake 2. Wyoming, yenye watu wachache kuliko majimbo yote, ina wajumbe 3. California, yenye watu wengi kuliko yote, ina 54. Mji mkuu, Washington, D.C., ambao si jimbo, una wajumbe 3 kwa mujibu wa Marekebisho ya 23 ya Katiba yaliyoidhinishwa mwaka 1961. Jumla ya wajumbe ni 538, na mgombea anayefikisha 270 ndiye mshindi.

Majimbo 48 pamoja na mji mkuu humpa mgombea anayeongoza wajumbe wote, hata akiongoza kwa kura moja. Maine na Nebraska pekee hugawa sehemu ya wajumbe wao kwa kufuata maeneo ya uwakilishi bungeni.

Utaratibu huu ni tofauti na ule wanaouzoea wapiga kura wa ukanda huu. Nchini Tanzania, Rais ni yule aliyepata kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Kenya inatazama kaunti, lakini katika nchi zote mbili kura ya mkazi wa Lindi au ya Turkana huingia kwanza katika jumla moja ya taifa. Marekani jumla hiyo hutangazwa magazetini tu. Haina nguvu ya kisheria katika kumpata Rais.

Tofauti hiyo imeshaamua chaguzi. Mwaka 2000 Al Gore alipata kura zaidi ya 500,000 kumzidi George W. Bush nchini kote, lakini Bush alitangazwa mshindi wa Florida kwa tofauti ya kura 537, akachukua wajumbe 25 wa jimbo hilo na kufikisha 271. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa takribani kura milioni 2.9, na bado Trump ndiye aliyeapishwa. Karne ya 19 ilishuhudia mambo kama hayo mwaka 1824, 1876 na 1888.

Kwa hiyo utafiti wa maoni wa taifa zima, hata uwe sahihi kiasi gani, unajibu swali ambalo Katiba ya Marekani haiulizi. Mtabiri analazimika kwenda jimbo kwa jimbo. Kazi hiyo hurahisishwa na ukweli kwamba majimbo mengi yanajulikana yataegemea wapi: si rahisi kumpata mtu anayetarajia California iende kwa chama cha Republican au Wyoming kwa chama cha Democratic. Mwaka 2024 yalibaki majimbo 7 yaliyohesabiwa kuwa na ushindani wa kweli: Arizona, Georgia, Michigan, Nevada, North Carolina, Pennsylvania na Wisconsin. Kwa pamoja yalikuwa na wajumbe 93. Yakiwekwa kando, Kamala Harris alikuwa na wajumbe 226 na Trump 219.

Hapo hesabu inakuwa nyepesi hata kwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Harris akichukua Pennsylvania (19), Michigan (15) na Wisconsin (10), anafikisha 270 kamili na hahitaji jimbo jingine. Trump akichukua Arizona (11), Georgia (16), North Carolina (16) na Nevada (6), anafika 268 na kukwama wajumbe 2 kabla ya mstari. Ndiyo maana Pennsylvania ilipokea wageni wa kisiasa na matangazo ya kampeni kwa wingi ambao Texas, yenye wajumbe 40, haikuuona.

Watu 800 kwa niaba ya mamilioni

Utafiti wa maoni wa jimbo kwa kawaida huhoji watu kati ya 500 na 1,000. Msomaji anayeona idadi hiyo ni ndogo mno kwa jimbo lenye wapiga kura milioni kadhaa ana haki ya kushangaa, lakini kasoro kubwa haiko hapo. Jambo la msingi si wingi wa waliohojiwa bali ni namna walivyopatikana. Mpishi hamalizi chungu kizima cha mchuzi ili kujua chumvi. Kijiko kimoja kinatosha, mradi mchuzi umekorogwa.

Jarida la Marekani la Literary Digest lilijifunza somo hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1936 lilituma karatasi za kura takribani milioni 10, anwani nyingi zikitoka katika orodha za wenye simu na wenye magari, na karatasi zipatazo milioni 2.4 zikarudishwa. Jarida likatangaza kwamba Alf Landon wa Republican angemshinda Franklin Roosevelt. Siku ya uchaguzi Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Katika miaka ya mdororo mkuu wa uchumi, mwenye simu na gari hakuwa mfano wa Mmarekani wa kawaida, na aliyejisumbua kurudisha karatasi hakuwa mfano wa aliyeitupa. George Gallup, aliyetumia sampuli ndogo mara nyingi zaidi lakini iliyopangwa kwa makini, alimtaja Roosevelt kuwa mshindi. Jarida hilo lilifungwa mwaka 1938. Gallup naye hakudumu bila doa: mwaka 1948 yeye na wenzake walimtabiria ushindi Thomas Dewey, na Harry Truman akabaki Ikulu.

Hata sampuli iliyokorogwa vizuri ina kiwango cha makosa. Kwa watu 800 kiwango hicho ni takribani pointi 3.5 juu au chini. Kinachosahaulika mara kwa mara ni kwamba kiwango hicho kinahusu asilimia ya mgombea mmoja. Kwa tofauti baina ya wagombea wawili kinakaribia kuongezeka maradufu, kwa sababu kura inayoondoka kwa mmoja mara nyingi huenda kwa mwenzake. Utafiti wa watu 800 unaosema mgombea wa kwanza ana asilimia 48 na wa pili 46 haujamtangaza kiongozi yeyote. Umesema tu kwamba mchuano ni mkali.

Kiwango hicho kinapima bahati nasibu ya kuchagua watu peke yake. Hakigusi swali la nani amekataa kuhojiwa, na swali hilo limekuwa kubwa zaidi mwaka hadi mwaka. Kituo cha Utafiti cha Pew kilieleza kwamba katika tafiti zake za simu, asilimia 36 ya watu waliotafutwa walikubali kuhojiwa mwaka 1997. Kufikia mwaka 2018 walikuwa asilimia 6. Mtafiti hulazimika kurekebisha. Iwapo vijana wamejibu wachache kuliko idadi yao halisi jimboni, majibu ya kila kijana hupewa uzito zaidi. Iwapo wazee wamejibu wengi mno, uzito wao hupunguzwa. Vilevile hulazimika kukisia ni nani kati ya waliojibu atafika kituoni siku yenyewe. Maamuzi hayo hufanywa ofisini, mbali na mpiga kura, na kampuni mbili zilizopewa majibu yale yale zinaweza kutoa matokeo yanayotofautiana kwa pointi kadhaa bila yeyote kudanganya.

Kutoka tafiti nyingi hadi namba moja

Dawa ya kwanza iliyobuniwa ni wastani. Tafiti 10 za watu 800 ni sawa na watu 8,000, na kwa idadi hiyo kosa la bahati nasibu hushuka hadi pointi 1 hivi. Sam Wang, mtaalamu wa sayansi ya ubongo katika Chuo Kikuu cha Princeton, alianza mwaka 2004 kukusanya tafiti za kila jimbo, kuzipanga kwa mfuatano na kuchukua ile iliyokaa katikati. Mwaka 2008 Nate Silver, aliyekuwa akichambua takwimu za mchezo wa besiboli, alianzisha FiveThirtyEight, jina linalotokana na idadi ya wajumbe wote, 538. Silver alizipa tafiti uzito kwa kufuata ukubwa wa sampuli, tarehe na rekodi ya kampuni, akaongeza historia ya jimbo na sura ya wakazi wake ili kukisia hata pale ambapo tafiti zilikuwa chache.

Baada ya hapo kompyuta huendesha uchaguzi wa kubuni mara maelfu. Katika kila mzunguko, wastani wa kila jimbo husogezwa kidogo juu au chini kulingana na ukubwa wa makosa yaliyozoeleka, wajumbe hujumlishwa na mshindi huandikwa. Mgombea akishinda mizunguko 7,000 kati ya 10,000, hutangazwa kuwa na uwezekano wa asilimia 70. Kwa hiyo namba hiyo haisemi kwamba atapata asilimia 70 ya kura, wala haisemi kwamba ushindi wake utakuwa mkubwa.

Mbinu hiyo ilianza kwa sifa. Mwaka 2008 Silver alitaja kwa usahihi mshindi katika majimbo 49 kati ya 50, Indiana pekee ikimponyoka. Mwaka 2012 alipata yote 50. Mwaka huo ndio uliowashawishi wengi kwamba majimbo ni dira bora kuliko taifa: tafiti za taifa zilionyesha mchuano wa karibu sana, na ile ya mwisho ya Gallup ilimweka Mitt Romney mbele kwa pointi 1, ilhali tafiti za majimbo zilionyesha Barack Obama akipita bila taabu kubwa. Obama alipata wajumbe 332 dhidi ya 206. Watabiri wakawa watu mashuhuri, na namba zao zikaanza kusomwa kama matokeo yaliyokwisha kuhesabiwa.

Makosa yanayosafiri pamoja

Usiku wa kuamkia Novemba 8, 2016, watabiri wakubwa walikuwa wakitazama karibu tafiti zile zile. FiveThirtyEight ilimpa Clinton uwezekano wa takribani asilimia 71. Gazeti la The New York Times lilimpa asilimia 85. Wang wa Princeton alimpa zaidi ya asilimia 99 na alikuwa ameahidi hadharani kula mdudu iwapo Trump angevuka wajumbe 240. Siku chache baadaye alitimiza ahadi kwa kula nyenje mbele ya kamera za CNN, jambo la kiungwana ambalo watabiri wa nchi nyingi wangeweza kuliiga.

Kama tafiti zilikuwa zile zile, pengo kati ya 71 na 99 lilitoka wapi? Jibu lake ndilo kiini cha elimu yote ya utabiri huu. Lilitokana na dhana kuhusu uhusiano wa makosa ya jimbo moja na makosa ya jimbo jingine.

Mkulima mwenye mashamba matatu anaweza kudhani amejikinga na ukame: shamba moja likikosa mvua, mengine mawili yatamlisha. Iwapo mashamba hayo yote yako Dodoma, kinga hiyo ni ya karatasi, kwa sababu wingu linaloinyima mvua Kongwa ndilo linaloinyima Chamwino. Michigan, Wisconsin na Pennsylvania ni mashamba ya namna hiyo. Yana viwanda vilivyofungwa vinavyofanana, miji midogo inayofanana na wapiga kura weupe wasio na shahada waliohama chama kwa sababu zinazofanana. Tuseme mgombea ana uwezekano wa asilimia 70 katika kila moja ya majimbo hayo. Kama makosa ya majimbo hayahusiani kabisa, uwezekano wa kuyapoteza yote matatu hauzidi asilimia 2.7. Kama makosa yanatembea pamoja kikamilifu, uwezekano huo ni asilimia 30. Tafiti hazikubadilika hata moja. Kilichobadilika ni dhana.

Trump aliyachukua yote matatu. Michigan ilimpa ushindi wa kura 10,704, na katika majimbo yote matatu jumla ya tofauti haikufika kura 78,000. Wisconsin, ambako wastani wa mwisho wa tafiti ulimweka Clinton mbele kwa zaidi ya pointi 6, aliongoza kwa pointi 0.8. Clinton hakuwa amefika Wisconsin hata mara moja tangu alipopitishwa rasmi na chama chake. Namba za utabiri hazibaki magazetini. Huamua ndege ya mgombea itue wapi.

Chama cha kitaaluma cha watafiti wa maoni ya umma nchini humo, AAPOR, kilichapisha uchunguzi wake mwaka 2017. Kiligundua kwamba tafiti za taifa zilikuwa sahihi kwa viwango vya kihistoria: zilimweka Clinton mbele kwa takribani pointi 3, naye akaongoza kwa 2.1. Zilizokosea ni za majimbo, hasa ya eneo la viwanda. Sababu mbili zilijitokeza. Wapiga kura wengi walioamua siku za mwisho walikwenda kwa Trump. Aidha, tafiti nyingi za majimbo hazikurekebisha uzito kwa kiwango cha elimu. Wenye shahada hukubali kuhojiwa zaidi kuliko wasio nayo, na mwaka huo elimu iliwagawa wapiga kura kuliko ilivyozoeleka. Kampuni iliyopuuza jambo hilo Michigan ililipuuza pia Wisconsin.

Hapo ndipo wastani unapofikia kikomo chake. Gunia la mahindi likipimwa mara 10 kwenye mizani iliyochezewa, vipimo vitakaribiana na wastani wake utapendeza macho, lakini kosa litabaki lile lile. Wastani huondoa makosa yanayopingana. Makosa yanayoelekea upande mmoja huyaacha yalivyo, na huyapa sura ya uhakika.

Mwaka 2020 kampuni nyingi zilikuwa zimerekebisha suala la elimu, na makosa yakawa makubwa zaidi. Uchunguzi wa AAPOR uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kosa la tafiti za taifa lilikuwa kubwa kuliko wakati wowote katika miaka 40, na za majimbo nazo zilimpa Joe Biden nafasi kubwa mno. Wachunguzi hawakuweza kuthibitisha sababu, ingawa walishuku kwamba sehemu ya wafuasi wa Trump walikataa kuhojiwa kwa namna ambayo umri, jinsia wala elimu haviwezi kuifidia. Biden alishinda kwa wajumbe 306 dhidi ya 232, kwa hiyo watabiri waliokuwa wamemtaja walipona lawama. Lakini alichukua Arizona, Georgia na Wisconsin kwa jumla ya kura zisizofika 43,000. Majimbo hayo matatu yangegeuka, kila mgombea angekuwa na wajumbe 269, na uamuzi ungehamia Baraza la Wawakilishi, ambako kila jimbo lingepiga kura moja.

Mwaka 2020 pia ulionyesha umbali unaoweza kuwapo kati ya kura za taifa na jimbo linalomvusha mshindi mstari wa 270. Biden aliongoza nchini kote kwa pointi 4.5, lakini Wisconsin kwa 0.6 tu. Mwaka 2016 umbali wa namna hiyo ulikuwa takribani pointi 3. Mwaka 2024 karibu ulitoweka: Trump aliongoza taifa kwa pointi 1.5 na Pennsylvania kwa 1.7. Umbali huo hubadilika kila uchaguzi, na haujulikani kwa hakika mpaka kura zihesabiwe. Anayesoma utafiti wa taifa na kutoa pointi 3 kwa mazoea anafanya hesabu ya uchaguzi uliopita.

Nusu kwa nusu, kisha yote 7

Uchaguzi wa Novemba 5, 2024 ulitoa mfano wa mwisho na pengine ulio wazi kuliko yote. Katika majimbo yote 7 ya ushindani, wastani wa tafiti ulionyesha tofauti ndogo ndogo. Silver, wakati huo akifanya kazi nje ya FiveThirtyEight, aliendesha mizunguko 80,000 ya uchaguzi wa kubuni; Harris alishinda 40,012. Wengi walielewa namba hiyo kuwa ni utabiri wa matokeo ya karibu sana, pengine wajumbe 270 dhidi ya 268. Haikuwa hivyo. Kwa kuwa makosa ya majimbo hutembea pamoja, mizunguko mingi ya modeli hiyo iliishia kwa mgombea mmoja kuzoa majimbo yote 7. Kisichojulikana kilikuwa ni mgombea yupi. Kama majimbo hayo yangekuwa sarafu 7 zisizojuana, jambo hilo lingemtokea mgombea mmoja mara 1 katika 128.

Trump aliyachukua yote 7 na kufikisha wajumbe 312 dhidi ya 226. Wastani wa tafiti haukuwa mbaya: ulikosea pungufu ya mwaka 2020. Hata hivyo, kwa mara ya tatu mfululizo ulimpunguzia kura Trump, na ulikosea upande mmoja karibu kila mahali.

Kampeni hiyo iliibua pia tuhuma ya watafiti kukumbatiana. Tafiti za watu 800, zikifanywa kwa uaminifu, lazima zitawanyike. Baadhi zingepaswa kuonyesha mgombea mmoja akiongoza kwa pointi 5 na nyingine mwenzake akiongoza kwa 3, hata kama jimbo lenyewe ni sare. Badala yake zilikuja nyingi mno zenye tofauti ya pointi 1 au sare kamili. Kampuni inayoogopa kuonekana peke yake inaweza kurekebisha uzito mpaka ifanane na jirani zake, au kuuweka kabatini utafiti usiofanana na wa wengine. Ikifanya hivyo haiongezi habari yoyote mpya kwenye wastani.

Ann Selzer wa Iowa alisifika kwa kutofanya hivyo. Mwaka 2016 na 2020 tafiti zake za mwisho zilimpa Trump uongozi wa pointi 7 jimboni humo, wakati wengine walimpa pungufu, na matokeo yalimthibitisha. Novemba 2, 2024 alichapisha utafiti uliomweka Harris mbele kwa pointi 3. Trump alishinda Iowa kwa pointi 13. Selzer hakuficha wala kurekebisha utafiti uliotoka tofauti na wa wenzake, na ndivyo kanuni za kazi hiyo zinavyotaka. Kosa lilikuwa la waliouchukua utafiti mmoja wa siku chache, wakaunyanyua juu ya mengine yote kwa sababu ulisema walichotamani kusikia.

Yanayostahili kutazamwa

Takwimu ya jimbo ikitangazwa, kiongozi ni nani ndilo swali la mwisho. La kwanza ni nani amelipia utafiti huo, kwa kuwa tafiti zinazogharamiwa na kampeni hutolewa hadharani pale zinapoifaa kampeni. Linafuata la tarehe ya mahojiano, ambayo mara nyingi ni wiki moja au zaidi kabla ya tarehe ya tangazo. Kisha ni idadi ya waliohojiwa, na kama ni watu wote waliojiandikisha au ni wale tu wanaotarajiwa kupiga kura. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2012 ya uchapishaji wa tafiti za maoni ya uchaguzi inawataka wachapishaji kuyaeleza mambo ya aina hiyo, na inazuia kutangaza tafiti katika siku 5 za mwisho kabla ya uchaguzi. Marekani haina zuio kama hilo; tafiti hutangazwa hadi asubuhi ya siku yenyewe.

Kwa utabiri wa asilimia, inafaa kukumbuka kwamba asilimia 29 alizopewa Trump mwaka 2016 ni uwezekano mkubwa kuliko ule wa sarafu mbili kurushwa na zote kuonyesha kichwa. Hakuna anayeshangaa jambo hilo likitokea.

FiveThirtyEight ilifungwa na mmiliki wake, ABC News, mwezi Machi 2025. Kazi ya kukusanya tafiti za majimbo inaendelea kwa watabiri wengine, na ramani watakayoitumia inajulikana tayari: mgawanyo wa wajumbe uliotokana na sensa ya mwaka 2020 utatumika tena mwaka 2028, na mgawanyo mpya utakaotokana na sensa ya mwaka 2030 utaanza kutumika mwaka 2032. Uchaguzi ujao utafanyika Jumanne, Novemba 7, 2028. Wajumbe 538 watapiga kura katika majimbo yao Desemba 19 mwaka huo, na Bunge la Marekani litazihesabu Januari 6, 2029.